Jua na Vidonge vya Ntandu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe lililonizidi mabega, daftari la jalada gumu na maneno makali. Mkuu wa Maabara, mwanamume mfupi ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, alinisimamisha mbele ya mashine yenye ukubwa wa redio ya mezani akaniambia nisiiguse mpaka nijue inafanya nini. Nilikuwa nimetoka kwetu Sepuka wiki ile ile. Cheti changu cha ufundi sanifu kilikuwa bado kimo ndani ya Biblia ya mama ili kisikunjamane.

Mashine ile tuliiita kaunta, na msidhani ni ile ya dukani. Kazi yake ni kuhesabu mionzi. Viko vitu ambavyo viini vya atomu zake havijatulia, vinavunjika kimoja kimoja, na kila kinapovunjika hutoa mionzi ambayo jicho haliioni wala ngozi haiisikii. Kaunta ndiyo inayoisikia, na kila inapoguswa hulia tik. Hakuna ajuaye ni kiini kipi kitavunjika sasa hivi, ila ukiwa navyo vingi unajua nusu yake itakwisha baada ya muda gani. Muda huo unaitwa nusu-uhai. Tulifundishwa kwamba kitu cha namna hiyo hata ukichemshe, ukigandishe au ukisomee dua, kitakwenda kwa mwendo wake.

"Namba usiyoitarajia," Mkuu wa Maabara aliniambia, "irudie mara tatu kabla hujamwambia mtu." Nilifanya hivyo kwa miaka yote ya kazi, isipokuwa pale palipohitajika zaidi, na hapo ndipo nataka kuwafikisha.

Kutoka maabara kuu nilipelekwa kituo cha mpakani, kupima mionzi katika maziwa ya unga, mchele na nafaka nyingine zilizoingia nchini. Huko ndiko nilikojifunza kushuku watu. Mfanyabiashara alikuletea kikombe cha maziwa safi kama cha mtoto mchanga, kumbe yamechotwa kwenye gunia moja alilolitenga, na magunia mengine hataki hata uyasogelee. Nikaacha kupokea sampuli mkononi mwa mtu, nikawa nachota mwenyewe, gunia nilitakalo mimi. Msimamizi wa kituo alinisifu mbele ya wenzangu kwamba macho yangu hayalali. Sifa ile ilinipa kiburi. Tangu hapo mtu akinisalimu kwa uchangamfu mno nilijiuliza anaficha nini.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Singida, nyumbani. Kituo chetu kilikuwa kidogo, jengo la mawe ya hapo hapo, na sakafu yake ilimwagwa moja kwa moja juu ya mwamba. Tulipima udongo na maji kutoka vijijini, hasa wakati ule watu walipokuwa wakitafuta madini ya urani kusini mwa mkoa na kila mwenye kisima akataka kujua kama maji yake ni salama. Tulikuwa watatu wa ufundi: Mkuu wa Kituo, mimi niliyekuwa msimamizi wa chumba cha vipimo, na Ntandu, kijana wa Mungaa aliyekuwa na mikono mitulivu kuliko fundi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Aliniita dada, nami nilimwita mdogo wangu, ijapokuwa moyoni sikuwa nimemwamini hivyo.

Kila siku tulipaswa kuhakikisha kaunta ni nzima. Tulikuwa na kipande cha sesiamu, madini yatoayo mionzi, chenye ukubwa wa kifungo cha shati, kimezeeka na kudhoofika, tukikitunza katika sanduku la risasi, ile ya madini si ya bunduki. Kipande hicho tulikiita chanzo. Asubuhi, mara baada ya kufagia, tulipima chumba kitupu, kwa maana mionzi kidogo ipo kila mahali, kwenye mawe, udongo na hata ndizi. Saa nane mchana, sampuli za vijijini zikishakwisha, Ntandu alikitoa chanzo, akakipima, akaondoa ile hesabu ya asubuhi. Kinachobaki ndicho cha chanzo. Namba hiyo ilitakiwa ishuke polepole mno mwaka hadi mwaka, bila kuruka.

Anayeijua Singida anaujua upepo wetu wa kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita unavuma na kubeba vumbi jekundu, ukiacha karatasi mezani utaikuta kwa jirani. Kwa hiyo niliweka sheria. Kiangazi, ufagio ukishatoka, madirisha na mlango vifungwe, kitambaa kiwekwe chini ya mlango, na ufunguo nikae nao mimi. Masika tuliacha wazi kutwa nzima. Niliona ni usafi wa kawaida tu, na sikuuandika popote.

Mwaka wa pili hesabu za chanzo zikaanza kunitia wasiwasi. Masika zilikaa pale pale. Kiangazi zilipanda, si sana, lakini zilipanda, kisha mvua zikianza zikashuka tena. Mwaka wa tatu ikawa hivyo hivyo.

Mkuu wa Kituo aliposhika daftari macho yalimng'aa. Alikuwa mtu mwema, msomi, mwenye sauti ya upole, nami nilimwona mwepesi kupenda jambo jipya. Alisema wako wataalamu huko nje walioandika kwamba mwendo wa kuvunjika kwa viini hubadilika na majira, na kwamba huenda ni kazi ya jua na dhoruba zake. Alikiri kwamba wako pia waliorudia vipimo vile wasione kitu. Hata hivyo hesabu zetu zilimvuta upande wa kwanza.

"Bi Monika," aliniambia, "kama jua linaweza kukigusa chanzo ndani ya sanduku la risasi, litashindwaje kuigusa damu ya mtu?"

Akaenda zahanati, akaomba aonyeshwe siku ambazo wagonjwa wa presha walikuwa wengi. Sijui aliona nini, maana anayetafuta mbuzi wake mweupe kila mbuzi humwona mweupe. Haikupita wiki akabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo getini, na nakala akazipeleka zahanati za jirani. Hesabu ya chanzo ya saa nane ikipanda, aliipa siku ya kesho yake alama nyekundu, na chini yake aliandika kwamba wenye presha wajihadhari siku hizo. Watu waliipenda. Waliokuja kuleta maji ya kisima walisimama kuisoma, na mama mmoja kutoka Misigiri aliomba nakala ampelekee mumewe.

Mimi sikuamini hata kidogo. Wala sikushuku jua. Nilimshuku Ntandu.

Sababu nilikuwa nazo. Yeye ndiye aliyepima saa nane. Kukisogeza chanzo karibu na kaunta kwa unene wa ukucha tu kunatosha kupandisha hesabu. Na Mkuu wa Kituo alikuwa amesema waziwazi kwamba mambo yakithibitika, aliyepima atakwenda naye kuyaeleza makao makuu. Kijana gani asingetaka? Isitoshe, kila asubuhi Ntandu alifika kabla ya wote, akasimama mbele ya ile karatasi, akaisoma, kisha akatoa kitu kidogo mfukoni. Siku nyingine alikitia mdomoni, siku nyingine alikitazama tu akakirudisha mfukoni. Nilimwona kupitia kioo cha ofisi yangu zaidi ya mara kumi. Nilidhani ni mzizi wa dawa ya kupendwa na bosi, nikadhani ni kijiwe chenye mionzi anachokipeleka karibu na kaunta, nikadhani kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa.

Nilikuwa na daftari langu la pembeni. Niliandika humo saa aliyofika, alikosimama, alichotoa mfukoni. Mwaka mzima niliandika. Siku moja tu ulimi ulitaka kuuliza, tulipokuwa tukinywa chai, akaniambia kichwa kinamgonga tangu usiku. Nikasema pole, nikamwangalia mikono. Leo naona aibu kuwasimulia.

Mvua za mwaka ule zilianza vizuri. Tulifungua madirisha, hesabu zikatulia, karatasi ya getini ikakaa wiki baada ya wiki bila alama nyekundu hata moja. Mwezi wa pili, Ntandu akiwa shambani kwake Mungaa siku ya Jumamosi akipalilia alizeti, jembe lilimponyoka. Alijaribu kuliokota, mkono ukagoma. Alipotaka kumwita mkewe, maneno hayakutoka.

Nilimkuta wodini Jumatatu, upande wa kulia umelala. Mkewe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mkononi ana kopo la kahawa. Alinifunulia. Ndani mlikuwa na vidonge vya presha, pakiti nyingi hazijaguswa.

"Wifi," aliniambia, "hospitali walimwambia ameze kila siku. Yeye akasema siku zisizo na alama mwili upumzike na dawa. Tangu mvua zianze hajameza. Alisema jua limetulia." Akanitazama. "Ninyi ndio mnaopima. Ni kweli limetulia?"

Nilisema sijui. Nikasema pole, nikasimama pale pale kama mgeni aliyekosea nyumba. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akitoa mfukoni kila asubuhi.

Mtasema sina haya, na mtakuwa mmesema kweli: nilipotoka wodini nilikuwa bado namshuku. Nilijiambia kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa na bado akawa mchezeaji wa namba, kwamba pengine alinaswa na uongo wake mwenyewe. Nilirudi ofisini nikaanza kupima saa nane mimi, nikiwa na hakika kwamba kiangazi kikija bila Ntandu, hesabu hazitapanda. Mkuu wa Kituo nilimweleza habari ya vidonge kwa kifupi. Alishika kichwa, siku ile ile akaongeza kwenye karatasi maneno kwamba dawa isiachwe. Karatasi yenyewe hakuibandua.

Mwezi wa sita upepo ukaanza. Nikafunga madirisha, nikaweka kitambaa chini ya mlango. Wiki ya pili hesabu zikapanda. Nilikuwa nimekiweka chanzo mwenyewe, nimepima umbali kwa rula, na Ntandu alikuwa Mungaa, mkono wake hauwezi kushika kikombe.

Nilirudia mara tatu. Zilipanda mara tatu. Sasa hapakuwa na mtu mwingine wa kumshuku chumbani, na kusema kweli niliogopa. Siku ya nne nikafanya jambo ambalo katika miaka yote hatukuwahi kulifanya, kwa kuwa desturi ilikuwa chumba kitupu hupimwa asubuhi baada ya kufagia. Nilikitoa chanzo na sanduku lake, nikakifungia stoo ya nje, nikarudi kupima chumba kitupu saa nane mchana.

Kaunta ililia haraka kuliko asubuhi. Hakukuwa na kitu mezani, nayo inalia. Nikafungua madirisha yote na mlango. Upepo ukaingia, karatasi zikaruka, vumbi likatua kwenye kila kitu nilichokuwa nimekilinda. Nikasubiri nusu saa, nikapima tena. Hesabu ilikuwa imerudi ya asubuhi.

Mwamba wetu wa Singida una urani kidogo ndani yake, na urani ikivunjika kwa hatua zake huzaa gesi iitwayo radoni. Haina rangi wala harufu. Inapanda kutoka kwenye mwamba kupitia nyufa za sakafu, na kwenye chumba kilicho wazi inaondoka na hewa. Kwenye chumba kilichofungwa inajikusanya. Asubuhi tulifagia madirisha yakiwa wazi, tukapima hewa safi. Kisha tukafunga, gesi ikajaa saa baada ya saa, na mchana tukaihesabu pamoja na chanzo tukidhani chanzo ndicho kimeongezeka. Masika tuliacha wazi, ndiyo maana jua likaonekana limetulia. Chanzo hakikuwa kimeongezeka hata chembe, na jua halikuwa limeingia mle.

Nyani haoni kundule. Sheria ya kufunga ilikuwa yangu, kitambaa cha mlangoni nilikishona mimi, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Nilimpelekea Mkuu wa Kituo hesabu zangu nikijua atazikalia. Miaka yake mitatu ya matumaini ilikuwa mle, na tayari alikuwa ameandikia makao makuu. Aliniomba wiki moja. Nikanakili kila kitu kwenye daftari langu la pembeni, tayari kwa vita. Yeye akaingia chumbani wiki nzima, akawa anafunga, anapima, anafungua, anapima, shati lake jeupe likawa rangi ya vumbi. Ijumaa alituita wote, mlinzi na mfagizi pia.

"Nilitaka iwe kweli," alisema, "nikawaandikia watu kabla sijaijaribu. Kosa ni langu."

Akaibandua karatasi kwa mkono wake. Akazunguka zahanati zote alizokuwa amepeleka nakala, akaenda hata Misigiri kumtafuta yule mama. Kisha akaenda Mungaa kumwomba radhi Ntandu. Alinitaka tufuatane. Nilisema nina sampuli nyingi. Katika taarifa yake aliandika kwamba madirisha ya chumba yalikuwa yakifungwa wakati wa kiangazi. Hakuuliza na nani, nami sikusema. Nilikuwa nimemshuku mtu huyu pia, kumbe ndiye aliyekuwa na moyo kuliko sisi wote.

Nilifanya kazi miaka mingine kumi na moja. Tulitoboa matundu ya hewa ukutani, tukaweka feni, tukawa tunapima chumba kitupu kabla na baada ya kila kipimo. Daftari la pembeni nililichoma kwenye jiko la mkaa.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaosoma fizikia hunijia na swali lile lile: je, jua linagusa mwendo wa kuvunjika kwa viini? Ninalowajibu ni hili. Katika maisha yangu niliona hesabu zikipanda na kushuka na majira kwa utiifu mkubwa, na kilichozipandisha kilikuwa dirisha. Mtu akikuletea mawimbi ya namna hiyo, muulize kwanza chumba chake kilikuwaje, joto lake, hewa yake, umeme wake. Sijaona bado ushahidi uliosimama baada ya maswali hayo. Kuhusu mwili, jua linaunguza ngozi, linakausha maji, na mgonjwa wa presha akishinda juani bila kunywa maji ataumia. Hayo muuguzi yeyote atakuambia. Habari ya dhoruba za jua kupandisha presha naisikia, naishuku, na hata kama siku moja itathibitika, haitakuwa sababu ya mtu kuacha kidonge chake.

Hayo nawajibu haraka. Lile la Ntandu lilinichukua miaka.

Nilikwenda Mungaa miezi mitatu baada ya kustaafu. Nilimkuta uani, anapepeta alizeti kwa mkono wa kushoto, ungo ameubana kwa goti. Nywele zimeingia mvi. Maneno yalikuwa yamemrudia, polepole.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Nilikuwa nimepanga maneno marefu njia nzima, yote yakanikimbia. Nikamwambia kwamba nilimshuku mwaka mzima, kwamba nilimwandika kwenye daftari kama mwizi, kwamba nilimwona akitoa kitu mfukoni kila asubuhi nikanyamaza nikisubiri kumnasa. Nikamwambia pia kwamba madirisha nilikuwa nayafunga mimi.

Aliweka ungo chini.

"Madirisha si kitu," alisema. "Vumbi lile, hata mimi ningefunga. Na Mkuu alipokuja nilimwambia kwamba yeye aliandika wajihadhari, hakuandika waache dawa. Kuacha niliacha mwenyewe." Akapumzika, maneno yalikuwa yakimchosha. "Lakini dada, uliniona kila siku narudisha kidonge mfukoni. Ungeniuliza. Ningekuambia siku ile ile."

Machozi yalinitoka mbele ya mtu aliyeniita dada miaka yote ile. Hakusema amenisamehe. Mkewe alileta maji ya kunawa, ugali na mlenda, akaweka katikati yetu.

"Leo umemeza?" nilimuuliza.

"Bado. Nikishakula."

Tukala pamoja. Alipomaliza alitoa pakiti kwenye mfuko wa shati, akahangaika nayo kwa kidole gumba cha kushoto. Nilitaka kumsaidia, akatikisa kichwa. Kidonge kilipotoka, nilimshikia kikombe, naye akameza.